Mafuta Yamepanda Tena: Ulibane Gari Lako, Ulibadilishe, au Uliache Nyumbani?

Bei ya petroli ikipaa, mwenye gari anabaki na njia tatu. Anaweza kukaa na gari lilelile akalibana litumie kidogo. Anaweza kulibadilisha: achukue lenye kiu ndogo, afunge mfumo wa gesi, ahamie kwenye umeme au ashuke kwenye pikipiki. Au anaweza kuliacha nyumbani, kwa baadhi ya safari au kwa zote. (Ipo na ya nne, kulipa huku unanung'unika, na ndiyo wengi wetu tunayoifuata bila kukumbuka ni lini tuliichagua.)

Ile ya nne haitokani na uvivu. Wachumi wamelipima jambo hili katika nchi nyingi na majibu yao yanakaribiana: petroli ikipanda kwa asilimia 10, matumizi katika miezi ya mwanzo hupungua kwa asilimia 1 hadi 3 tu. Watoto bado wanakwenda shule, kazi iko palepale, mgonjwa bado anahitaji kupelekwa hospitali. Ndiyo maana ulinganisho unaoanza na swali "nichukue gari gani?" huishia kubadilisha gari huku bili ikibaki. Mimi naanzia kwenye safari. Ukishajua lita zako zinaishia kwenye safari zipi, suala la chombo linakuwa rahisi.

Je, usubiri tu bei ishuke? Kushuka itashuka, na kupanda itapanda. Kati ya Oktoba 1973 na mapema 1974 mafuta ghafi yalipanda karibu mara nne baada ya nchi za Kiarabu kuwekea Marekani na washirika wake vikwazo. Julai 2008 pipa moja, ambalo ni takriban lita 159, lilifika dola 147, na kabla ya mwaka kwisha likaanguka chini ya dola 40. Tarehe 20 Aprili 2020 bei ya mikataba ya kununua mafuta ghafi ya Marekani kwa siku za mbele ilishuka chini ya sifuri, yaani muuzaji alimlipa mnunuzi ili ayachukue. Haikupita miaka miwili, Urusi ikaivamia Ukraine, na Machi 2022 pipa likavuka dola 120. Juu ya bei hiyo ya pipa kuna kusafisha, kusafirisha, kodi, faida ya muuzaji na thamani ya sarafu yako mbele ya dola. Tena bei ya kwenye pampu ina tabia moja iliyochunguzwa sana: hupanda upesi, hushuka taratibu. Kwa hiyo uamuzi unaolipa pale tu petroli ikiwa juu kabisa ni uamuzi mbaya. Pigia hesabu bei ya kati, uone kama bado unasimama.

Pima kwa lita

Muulize mwenye gari linakulaje mafuta, atakujibu kwa kilomita: "Linakwenda kilomita kumi na mbili kwa lita." Kipimo hicho tumekizoea, lakini kwenye kulinganisha kinapotosha vibaya. Tuseme jirani yako ana gari kubwa linalokwenda kilomita 6 kwa lita, akalibadilisha kwa la kilomita 9. Wewe una la kilomita 15, ukachukua la 25. Kwa haraka utajiona umempita: umeongeza kilomita 10 kwa kila lita, yeye 3. Sasa nyote mwende kilomita 100. Yeye alikuwa akichoma lita 16.7, leo anachoma 11.1, ameokoa 5.6. Wewe ulikuwa ukichoma 6.7, leo unachoma 4, umeokoa 2.7. Jirani ameokoa mara mbili yako, na bado gari lake linaitwa bugia-mafuta.

Mtego huu ulielezwa na Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke katika jarida la Science mwaka 2008, na dawa yake ni ndogo: hesabu lita kwa kila kilomita 100, kama wanavyofanya katika nchi nyingi za Ulaya. Nyumba yenye magari mawili ikitaka kupunguza gharama, ianze na lile lenye kiu kubwa zaidi. Mara nyingi watu hufanya kinyume, wanauza kale kadogo kaliko tayari kanajitahidi kwa sababu ndiko kanakouzika upesi.

Namba yako ipate mwenyewe. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha kama siku zote mpaka tangi lishuke chini ya nusu, rudi kwenye pampu ileile, jaza tena mpaka ijikate. Lita ulizotia gawanya kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 100. Rudia mara mbili tatu, maana tangi moja linaweza kuwa na safari ndefu lingine likawa na foleni tupu. Usiitegemee sana ile wastani inayojionyesha kwenye skrini ya dashibodi, mara nyingi humpendelea mwenye gari.

Na jambo jingine kabla hatujaenda mbali. Petroli inauma kwa sababu unailipa ukiwa umesimama, unazitazama tarakimu zikikimbia. Gharama nyingine zinaondoka kimyakimya. AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilikadiria mwaka 2023 kwamba kumiliki na kuendesha gari jipya nchini humo kunagharimu zaidi ya dola 12,000 kwa mwaka. Mafuta yalikuwa karibu moja ya tano ya fedha hiyo, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa gari kupoteza thamani. Gari kuukuu limeshamaliza kuporomoka, hivyo kwake mafuta na fundi vinachukua sehemu kubwa zaidi. Hapo ndipo penye hatari: mtu anakimbia bili ya mafuta, anakopa kununua gari jipya lisilokula sana, na kile alichookoa kwenye pampu kinamezwa na mkopo, bima na thamani inayoshuka tangu siku ya kwanza.

Njia ya kwanza: gari lilelile, mguu mwepesi

Hii ndiyo njia ya bei nafuu, kwa hiyo ianze hii hata kama mwisho utaishia kwingine.

Tazama kinachotokea katika safari ya kilomita 3. Injini iliyolala usiku kucha ni baridi, oili yake ni nzito, na kompyuta ya gari inaongeza petroli kwenye mchanganyiko ili injini isizimike. Dakika za mwanzo gari linakula kuliko litakavyokula baadaye, na kabla halijapata joto lake la kazi umeshafika, umezima. Jioni unarudia. Ukifanya safari tatu za namna hii kwa siku moja, za shule, dukani na kwa fundi cherehani, unakuwa umelipa gharama ya kuwasha mara kadhaa kwa kilomita chache mno. Ziunganishe ziwe mzunguko mmoja, injini ikiwa bado na joto. Hakuna kifaa utakachonunua kitakachokupa faida ya haraka kama hiyo.

Pili ni mwendo. Nguvu ya upepo unaolizuia gari inakua kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 120, kasi imeongezeka kwa asilimia 20 lakini nguvu ya upepo unaokuzuia imeongezeka kwa asilimia 44. Serikali ya Marekani ililijua hilo mwaka 1974, ikashusha mwendo wa juu nchi nzima hadi maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88, ili kuokoa mafuta. Mjini kasi si tatizo, tatizo ni pupa. Mtu anakanyaga mafuta mpaka mwisho taa ikiwaka kijani, halafu mita mia mbili mbele anakanyaga breki. Yale mafuta yameshakuwa joto kwenye breki. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa uendeshaji wa pupa unaweza kupoteza asilimia 10 hadi 40 ya ufanisi wa gari kwenye mwendo wa simama-nenda. Anayeachia mguu mapema, akaliacha gari lijisukume lenyewe hadi kwenye foleni, anafika wakati uleule na yule wa pupa.

Mengine ni madogo ila hayana gharama. Upepo wa matairi uwe kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema. Keria ya juu ya paa ishushwe kama haina mzigo. Injini inayonguruma gari likiwa limesimama inachoma takriban nusu lita hadi lita nzima kwa saa, hivyo ukimsubiri mtu, zima. Petroli ya oktani ya juu (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kuwaka kabla ya wakati) haiisaidii injini ambayo mtengenezaji wake hakuitaka. Na vile vidude vinavyouzwa kwa ahadi ya kukata matumizi nusu, achana navyo: shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekagua zaidi ya mia moja na halijapata hata kimoja kinacholeta nafuu ya maana.

Ukiyafanya yote haya, tarajia kuokoa kati ya asilimia 10 na 20, kutegemea ulikuwa unaendesha vibaya kiasi gani. Petroli ikiwa imepanda kwa nusu, hiyo haitoshi. Lakini haijakugharimu kitu.

Njia ya pili: chombo kingine

Hapa ndipo matangazo yalipo mengi, kwa hiyo tuweke namba kwanza. Ni za matumizi ya kawaida, yako yanaweza kuwa juu au chini kidogo. Uniti ni kilowati-saa moja ya umeme.

| Chombo | Kinachotumia kwa kilomita 100 |
|---|---|
| Gari kubwa la petroli la mtindo wa jipu | lita 11–15 |
| Gari dogo la petroli | lita 6–8 |
| Haibridi (injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) ya ukubwa wa kati | lita 4–5 |
| Gari la umeme | uniti 15–20 |
| Pikipiki ndogo | lita 2–3 |
| Baiskeli ya umeme | uniti 1 hivi |
| Basi kubwa la dizeli | lita 30–40, kwa abiria wote |

Haibridi, aina iliyojulikana duniani tangu Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani mwaka 1997, hushinda mahali ambapo gari la kawaida huteseka. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Ukikwama, injini inazimika yenyewe. Mtu wa foleni ataiona tofauti wiki ya kwanza. Anayekaa barabara kuu kwa mwendo mmoja saa nzima ataiona kwa shida, maana huko breki hazikanyagwi na injini ya petroli ndiyo inayobeba kazi.

Je, inalipa? Piga hesabu kwa lita, usipige kwa pesa ya leo. Tofauti ya bei kati ya haibridi na gari unaloliacha igawe kwa bei ya lita moja. Tuseme umepata lita 1,500. Gari lako linakula lita 8, haibridi 5, unaokoa 3 kwa kila kilomita 100. Itakubidi utembee kilomita 50,000 ndipo urudishe fedha yako. Anayekwenda kilomita 25,000 kwa mwaka atairudisha ndani ya miaka miwili. Wa kilomita 10,000 anangoja mitano, na ndani ya mitano hiyo betri ya haibridi iliyonunuliwa ikiwa imetumika inaweza kumdai fedha yake. Huyu wa pili angebaki na gari lake.

Gesi ina hesabu yake. Iko ya aina mbili, na watu huzichanganya. Ile ya mitungi ya kupikia hukaa kama kimiminika, na kwa kuwa lita yake ina nishati kidogo kuliko ya petroli, gari litakula lita nyingi zaidi kwa asilimia 15 hadi 25. Gesi asilia iliyoshindiliwa hukaa kwenye mtungi mzito kwa mgandamizo wa takriban baa 200. Huuzwa zaidi kwa kilo, na kilo moja inafanya kazi ya takriban lita moja na nusu ya petroli. Kwa hiyo kulinganisha bei ya kilo na bei ya lita moja kwa moja ni kujidanganya, mara kwa faida yako mara kwa hasara. Gari lililofungwa mfumo huwaka kwa petroli halafu linahamia kwenye gesi likishapata joto, hivyo mwenye safari fupifupi anafaidi kidogo kuliko alivyoahidiwa. Mtungi unachukua nafasi kwenye buti au pale pa tairi la akiba. Pia kabla ya kumlipa fundi, uliza vituo vya kujazia viko wapi na foleni zake zikoje. Kwa teksi inayotembea mchana kutwa, gesi mara nyingi ndiyo jibu bora kuliko yote, haibridi na umeme ukijumlisha. Kwa gari la familia linalokwenda kazini na kurudi, inategemea.

Wabrazili wana kanuni fupi ninayoipenda. Nchi yao ilianza kusukuma matumizi ya ethanoli, yaani pombe kali ya miwa inayochomwa kama mafuta, mwaka 1975, baada ya lile pigo la mafuta, na leo magari mengi huko yanakubali ethanoli na petroli katika tangi moja. Dereva akifika kwenye pampu anauliza swali moja tu: je, ethanoli iko chini ya asilimia 70 ya bei ya petroli? Ikiwa chini, anajaza ethanoli. Ikiwa juu, petroli. Wamezingatia kwamba ethanoli inakwenda umbali mfupi zaidi kwa lita.

Umeme nao unaweza kupewa kanuni ya namna hiyo. Lita ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9, lakini injini inapoteza sehemu kubwa kama joto. Gari la lita 7 kwa kilomita 100 linamwaga uniti zaidi ya 60 kufanya kazi ambayo gari la umeme linaifanya kwa 15 hadi 20. Basi jiulize: kwa bei ya lita moja ya petroli napata uniti ngapi za umeme? Ukipata zaidi ya tatu, umeme ni nafuu kwa kila kilomita, na kadiri zinavyozidi ndivyo nafuu inavyokua. Ukipata chini ya tatu, gari la umeme huenda lisikupunguzie bili ya safari, hata kama lina sifa nyingine. Fanya hesabu hiyo mara mbili, kwa bei ya umeme wa nyumbani na kwa bei ya kituo cha chaji ya haraka, kwa sababu mara nyingi cha haraka ni ghali zaidi sana.

Hilo ndilo linaloamua nani achukue gari la umeme. Mwenye mahali pake pa kuegesha na soketi karibu anachaji usiku, analala, anaamka limejaa. Anayekaa ghorofani na kuegesha barabarani anategemea vituo, analipa zaidi na anasubiri. Nchini Norwei mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, lakini huko serikali ilitoa misamaha mikubwa ya kodi kwa miaka mingi na umeme mwingi unatoka kwenye maporomoko ya maji. Ukilichukua jibu la Norwei bila mazingira yake utakuwa umekimbia mvua ukaangukia mtoni. Uangalie pia umeme wako unakatika mara ngapi, na kwa gari lililotumika, betri imebakiwa na uwezo kiasi gani. Hilo la betri lipimwe na fundi mwenye kifaa, usikubali neno la dalali.

Pikipiki, kwenye karatasi, inawashinda wote wanaotumia petroli. Lita 2 na ushee, foleni haiihusu, maegesho ni popote. Mimi sitaipendekeza kwa mtu anayeihama gari kwa sababu ya bili tu. Takwimu za Marekani za miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa kwa kila umbali unaosafiriwa, mpanda pikipiki ana hatari ya kufa zaidi ya mara 20 kuliko aliye ndani ya gari. Kama umeshaizoea, una kofia ya maana na barabara zako si za malori, hesabu ni yako.

Njia ya tatu: gari libaki nyumbani

Basi linalokula lita 35 likibeba watu 40 linatumia chini ya lita moja kwa kila mtu kwa kilomita 100. Gari binafsi la petroli lenye mtu mmoja au wawili halifiki hapo. Basi hilohilo likiwa na watu wanne halina tofauti na gari lenye mtu mmoja. Kwa abiria, hata hivyo, linaloamua si lita. Ni muda wa kungoja. Basi linalopita kila baada ya dakika 10 huhitaji kujua ratiba yake; la kila saa likikupita, siku imeharibika. Ukiwa unapima njia hii, simama kituoni saa ileile utakayosafiri, si Jumapili mchana, uone.

Ujerumani ilifanya jaribio zuri kati ya Juni na Agosti 2022. Iliuza tiketi ya euro 9 kwa mwezi iliyokuruhusu kupanda mabasi na treni zote za kawaida nchi nzima, na kwa miezi hiyohiyo ikapunguza kodi ya mafuta. Tiketi zilizouzwa zilifika takriban milioni 52, na mwaka uliofuata ikaja tiketi ya kudumu ya euro 49. Luxembourg ilikwenda mbali zaidi, ikafuta nauli za daraja la kawaida mwaka 2020, na bado imebaki miongoni mwa nchi za Ulaya zenye magari mengi kwa idadi ya watu. Nauli ndogo humvuta aliye na kituo karibu. Asiye na kituo hata umpe bure.

Hawa wasio na kituo si wachache, na ni kosa kuwahubiria. Novemba 2018 maelfu ya Wafaransa walivaa vizibao vya njano na kuziba barabara, chanzo kikiwa kodi ya mafuta. Wengi wao walitoka vijijini na pembezoni mwa miji, walikohamia kwa sababu nyumba za katikati zimewashinda bei, na huko basi halipiti. Kumwambia mtu kama huyo apande basi ni kumwongezea hasira. Kwake yeye ulinganisho wa kweli ni kati ya njia ya kwanza na ya pili, pamoja na moja ambayo watu huisahau: kuchangiana gari.

Magari ya watu binafsi katika nchi zenye takwimu hubeba kwa wastani takriban mtu mmoja na nusu, na wakati wa kwenda kazini hushuka karibu na mmoja. Wawili wakipanda gari moja, kila mmoja amekata bili yake nusu siku hiyohiyo, pasipo mkopo wala fundi. Haibridi mara nyingi haifiki hapo. Kinachoharibu mpango huu ni mambo ya kibinadamu: nani anachelewa, nani anakaa mbele, nani alisahau kuchanga mwezi uliopita. Malizeni hayo kabla ya safari ya kwanza. Mchango uhesabiwe kwa lita, ili bei ikibadilika pasiwe na mjadala mpya, na kuwe na dakika za kungojana zinazojulikana, zikipita gari linaondoka.

Baiskeli inafaa sana pale gari linapofanya vibaya zaidi, kwenye zile safari za chini ya kilomita 5 ambazo injini haipati hata joto. Ya umeme inamfaa na mwenye vilima au mwenye kuogopa kufika kazini akiwa na jasho. Uholanzi hutajwa kama nchi iliyozaliwa na baiskeli. Sivyo: miaka ya 1960 magari yalikuwa yameshaanza kuzisukuma pembeni. Vifo vya watoto barabarani viliwaingiza wazazi mitaani kuandamana, kisha mafuta yakaadimika. Kuanzia tarehe 4 Novemba 1973 serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili kwa wiki kadhaa, watu wakatembea na kuendesha baiskeli kwenye barabara kuu. Njia maalumu zikajengwa kwa miongo iliyofuata, na leo zaidi ya robo ya safari zote nchini humo ni za baiskeli. Nayataja kwa sababu moja: kama kwenu hakuna njia ya pembeni na malori yanapita kwa kasi, usijilaumu kwa kutopanda baiskeli. Tafuta njia ya mitaa ya ndani, hata ikiwa ndefu kidogo, au acha.

Njia hii ya tatu ina kasoro yake pia. Gari lililoegeshwa bado lina bima, bado linashuka thamani, betri yake inakufa kwa kukaa. Ukilipumzisha siku mbili kwa wiki unaokoa mafuta tu. Faida kubwa inakuja pale nyumba ya magari mawili inapobaki na moja, na ile safari adimu ya wikendi ikafanywa kwa gari la kukodi au teksi. Watu wanaona teksi ni anasa kwa sababu nauli yake wanailipa papo hapo. Jumlisha nauli zote za teksi ambazo gari la pili lingekuokolea kwa mwaka, uziweke mbele ya bima, servisi, matairi na thamani inayopotea. Kwa gari linalotoka mara mbili kwa wiki, teksi mara nyingi inashinda.

Nani achague nini

Safari nyingi fupi: baiskeli au miguu, na gari lilelile kwa zinazobaki. Usinunue gari jipya kwa ajili ya safari fupi. Foleni ndefu kila siku na basi halipo: haibridi iliyotumika, iliyopimwa betri, au abiria wa kuchangia. Gari la kazi linalotembea mchana kutwa: gesi kama vituo vipo, umeme kama una pa kuchaji usiku na lita inakupa uniti za kutosha. Barabara kuu kwa kilomita nyingi: gari dogo la petroli au dizeli lenye afya, mwendo wa chini ya 100, na uvumilivu. Gari kubwa linalobeba mtu mmoja kwenda ofisini: uza.

Kisha kuna wale ambao umbali wenyewe ndio tatizo, na hapa chombo hakisaidii sana. Chukua mtu anayekaa kilomita 30 kutoka kazini. Kwenda na kurudi ni kilomita 60, kwa siku 22 za kazi ni 1,320 kwa mwezi. Gari la lita 8 linamla lita 105 na ushee, kila mwezi, mbali na matairi na oili. Nyumba ya karibu na kazi ikiwa na kodi inayozidi ya sasa kwa chini ya bei ya lita hizo, basi ile ya mbali haikuwa rahisi hata siku moja. Ikizidi kidogo, ongeza na saa unazopoteza barabarani kila siku, ujiulize ungezilipia kiasi gani. Kama mkataba wa nyumba unaisha mwaka huu, hesabu hiyo ifanywe sasa, kabla ya kwenda kumwona muuza magari.